Barua ya Mtu Aliyekwisha Kuzikwa

Iko siku moja, mwanangu, ambayo mpaka leo haijanitoka, na nikiikumbuka mwili hunisisimka. Nilikuwa mwanafunzi Marekani, kijana wa mji wa Ibra, Omani, mzaliwa wa Unguja, nina koti moja la baridi na njaa isiyokwisha. Nikapata kibarua katika ofisi ya chama kimoja cha wenye viwanda, katika mji wenye bunge la jimbo. Wewe umeniambia wiki ijayo unakwenda kuanza kazi katika ofisi kama hiyo, ndipo nikakuita. Kaa, kahawa bado ipo.

Watu wa kule wana desturi ya kujikusanya. Wakulima wana kundi lao, walimu lao, wastaafu lao, na wenye viwanda vilevile. Kila kundi lina watu wake wa kugonga milango ya wabunge, kuwapa maelezo, kuwasaidia kuandika miswada, na kuwakumbusha kwa upole kwamba uchaguzi haupo mbali. Sheria inawaruhusu, na mengi mazuri yamepatikana kwa njia hiyo. Mbunge hajui kila kitu, lazima awepo wa kumwambia.

Kazi yangu mimi ilikuwa barua. Chama kilitaka upite mswada wa kulegeza masharti ya kumwaga maji machafu ya viwanda karibu na visima. Mkuu wangu akanipa orodha ya wafanyakazi wastaafu, nimwandikie mbunge kwa jina la kila mmoja, kwa miandiko tofauti, kwamba maji yao ni mazuri na hawana malalamiko.

"Wenyewe wamekubali?" nilimuuliza.

"Hawa ni watu wetu," akanijibu.

Sikuuliza tena. Nimekulia katika sabla, pale wanaume wa mtaa wanapokaa kuzungumza mambo yao, na nilimzoea baba yangu akisema kwa niaba ya nyumba kumi bila ya mtu kudai saini. Nikaona ni yale yale.

Utotoni chuoni nilifundishwa khati, ufundi wa kuandika kwa kupamba, kwa hiyo kubadilisha mwandiko kwangu kulikuwa mchezo. Barua moja niliipamba kuliko zote: mzee fulani, kila asubuhi hunywa gilasi ya maji ya kisima chake kabla hajavaa viatu. Niliyabuni mwenyewe hayo, wallahi. Mbunge akaipenda, akataka mzee huyo aje aseme mbele ya kamati. Nikatumwa kwenda kumchukua.

Ilikuwa adhuhuri, theluji imetanda, na mtaa mzima kimya. Kabla sijagonga, bibi mmoja akafungua mlango. Nikamtajia jina la mzee.

"Mume wangu nilimzika, mwaka wa nne huu," alisema. "Daktari alisema ni maji ya kisima."

Akanipa barua ya mbunge ya kushukuru, iliyotaja gilasi na viatu.

"Ndivyo alivyokuwa akifanya," alisema. "Hakuna aliyejua ila mimi. Sasa niambie, anaandika kutoka wapi?"

Nyuma yake, mezani palikuwa na gilasi imejaa maji. Chini ya meza, viatu vya kiume vimeelekezwa mlangoni, na soli zake zimeloa. Sikuuliza nani amevivaa. Nilisema nimekosea nyumba, nikaondoka mbio, na aibu ile ninayo hadi leo.

Nikampigia simu baba yangu kule Ibra, nikamweleza yote, na kujitetea nikajitetea kwa habari za sabla.

"Ya waladi, mwanangu," baba akasema, "mie nikiwasemea watu, wenyewe wamekaa ubavuni mwangu. Nikipotoka, mmoja atanivuta kanzu. Huyo wako atakuvuta nini? Rudi ukamwambie mama wa watu ukweli."

Nikarudi, lakini woga ulinichelewesha siku tatu, na katika siku hizo mswada ukapita. Nikamkiria yule bibi kwamba barua niliandika mimi, na habari ya gilasi niliitunga. Nikaandika mstari mmoja mbele yake ili aamini. Akautazama mwandiko, akatabasamu.

"Ndio mkono wake," alisema.

Akaingia chumbani, akatoka na bahasha iliyofungwa.

"Wewe unakutana naye," akaniambia. "Mpe hii."

Nikaipokea. Bahasha iko ndani ya kasha langu, humu humu nyumbani. Sijaifungua, na sina pa kuipeleka.

Basi nenda, mwanangu, sikukatazi. Kuwasemea watu mbele ya watunga sheria ni kazi ya heshima. Lakini ukipewa majina ya watu, nenda kwanza kwa wenyewe, ukae nao, uwasikie kwa midomo yao. Mtazame na yule asiye na kundi la kumsemea, maana bibi yule hakuwa na ofisi mjini wala mtu wa kumgongea mlango mbunge, na sheria ya maji anayokunywa ilipitishwa bila yake. Na ukikosea, sema siku ile ile. Mimi nilisema baada ya siku tatu, nikakuta uongo wangu umeshampata wa kuupenda, na hakutaka kuuachia.

Mwenyezi Mungu akuhifadhi huko uendako, akurudishe kwetu salama, na kila utakayemsemea umkute yu hai, na awe radhi nawe. Amin.