Nira ya Sayi: Kutoka Rwamgasa hadi Shinyanga

Daktari alikichukua kifaa mikononi mwangu akakitia kwenye boksi pamoja na vingine. "Tumevijaribu, tumeona havisaidii," alisema. "Vinarudishwa." Mgongoni nilikuwa nimembeba Sayi, mtoto wa miezi minne, nyonga yake ya kushoto imelegea, na kifaa kile ndicho nilichokuwa nakitegemea asije akawa kama mimi.

Ngoja niwasimulie tangu nilipotoka nyumbani, ninyi wenzangu wa Rwamgasa mnaoniuliza kila siku.

Mimi nachechemea tangu utoto. Nyonga ilitoka mahali pake na hakuna aliyeirudisha. Shule niliacha mapema kwa sababu wenzangu walinifuata nyuma wakiiga mwendo wangu, kiongozi wao akiwa Ngasa, huyu huyu mnayenunua mafuta ya taa kwake. Binti yangu wa kwanza, Milembe, alipozaliwa na nyonga kama yangu, hospitali ya Shinyanga ilimpa kifaa cha mishipi ya ngozi na chuma cha kutanua mapaja, ili mfupa ukae. Sisi akina mama tulikiita nira. Aliivaa mchana na usiku, naivua wakati wa kumwogesha tu. Mlinicheka kwamba nalea chura. Leo chura anakimbia. Akaja Sayi, nyonga ile ile. Tukaitwa Shinyanga, watoto wote waliopewa nira wakapimwe. Nikasema vema, nitaibeba ya Milembe, waikaze upya imtoshe mdogo wake.

Alfajiri Baba Milembe alitupeleka kwa baiskeli hadi barabara kuu. Ilikuwa wakati wa vita vya Kagera, magari ya shida. Lori la pamba likasimama. Dereva, mzee wa Kiha, akasema, "Panda mbele na watoto, mama. Utingo atakaa juu ya pamba, yeye hana anayemnyonyesha." Utingo akacheka, akapanda. Mungu awaweke wote wawili.

Jioni tulishuka Kahama, nikaenda Nyasubi kwa Mama Holo. Tulijuana siku ile tulipopewa nira.

"Mwadila, Mama Milembe," akanisalimu kwa Kisukuma.

"Mwadila, mayu," nikaitikia, mama mwenzangu.

Akatuwekea michembe, viazi vitamu vya kukaushwa, kwa karanga, akanitandikia kitanda chake mwenyewe. Binti yake Holo, rika la Milembe, akaja kuniamkia. Alikuja anachechemea. Nikainua macho, nikaiona nira yake ukutani, ngozi inang'aa kama ya jana.

"Hakuivaa?"

"Wiki moja. Baba mkwe akasema binti hakai ametanua miguu mbele ya wageni. Na nyumba hii wageni hawaishi."

"Na Masanja je?" Masanja Lugata alikuwa mtu wa hospitali. Alipewa baiskeli apite majumbani kila mwezi, aone kama watoto wanavaa, na aseme na wazee wanaokataa.

"Masanja namwona kilabuni, baiskeli ameiegemeza pale nje. Hapa hajaingia. Mzee angemsikiliza yeye. Mimi mkwe, nitamwambia nini?"

Kesho yake tulipanda basi pamoja hadi Shinyanga. Daktari mgeni aliwatembeza watoto barazani mmoja mmoja. Wengi walichechemea. Masanja alisimama kando, shati limenyooshwa.

"Walivaa?" daktari akamuuliza.

"Wote. Nimewatembelea mwenyewe."

Ndipo likaja lile boksi. Nikasema, "Na huyu wangu anayekimbia?"

"Huyo angepona hata bila kifaa."

Mama Holo, ambaye sijawahi kumsikia akipaza sauti, akasema, "Daktari, wangu hakuvaa. Na huyu bwana kwangu hajafika." Mama mmoja wa Mhunze akadakia, "Wala kwangu."

"Akina mama hawa wanasahau," Masanja akasema.

Daktari alimtazama sana. "Kama ni hivyo, ingebidi tuanze upya," akasema, "na mimi naondoka leo." Akaondoka. Hakuna aliyeanza upya.

Nesi Adela, aliyemfunga Milembe nira ile mara ya kwanza, ndiye aliyeingiza mkono kwenye boksi kabla halijapakiwa. "Hii ina alama za meno ya Milembe kwenye mshipi," akasema. "Si mali ya boksi." Akaikaza juu ya Sayi, akanionyesha pa kufunga na pa kulegeza, akatusindikiza hadi stendi. Njia nzima ya kurudi nilikuwa namwombea, na mpaka leo namwombea, maana Sayi anatembea wima.

Nilichojifunza safari ile ni kwamba dawa iliyoning'inia ukutani haipimwi kwa mgonjwa. Wanangu wamepona, nashukuru. Lakini Holo anachechemea, na watoto waliozaliwa baada yake hawakupewa nira tena, kwa neno la mtu mmoja. Masanja Lugata, bado unakaa Nyasubi, na baiskeli bado unayo. Njoo usimame mbele ya akina mama hawa utujibu: kwa Mama Holo uliingia lini, na mlango wake unatazama upande gani?