Ufa wa Nyumba ya Kirumba

Nakumbuka vizuri, mwanangu, asubuhi niliyoamka nikakuta ukuta wa sebule yangu umepasuka, kilimani Kirumba. Viwanda vya samaki vilikuwa ndiyo kwanza vimefunguliwa, nami nilikuwa nauza mapanki, yale mabaki ya sangara minofu ikishakwenda Ulaya. Kwa mapanki hayo nilijenga. Nilijivuna, nisikufiche.

Basi sikuuliza mtu. Nilishuka Mwaloni, soko letu la samaki, nikatangaza mbele ya wachuuzi wenzangu kwamba fundi Masalu, aliyenijengea, kaniibia saruji. Haikupita muda, watu wawili waliokuwa wamempa kazi wakamnyang'anya. Alikuwa na watoto wanne na mwiko wake tu.

Nikamwita mzee Lukas, mchoma mawe, anipasulie mawe ya ukuta mpya. Alikuwa akiwasha moto juu ya mwamba mpaka upasuke, kwa hiyo mlima ule aliujua jiwe kwa jiwe. Nikamwamkia, akaitikia, kisha akainama kufukua chini ya ukuta. Ufa ulikuwa unaendelea ndani ya mwamba wenyewe, mrefu, umejaa udongo.

"Fundi hakuuona huu?" akauliza.

Ikabidi nimwambie kweli. Masalu aliuona. Aliniomba tusogeze ukuta hatua mbili, nikakataa kwa sababu nilitaka sebule ya kuenea makochi.

Mzee akajipangusa mikono. "Jiwe halina kosa, binti yangu. Limepasuka hivi tangu kabla ya babu zetu. Wewe ndiye uliyeambiwa."

Niliona aibu mpaka machozi. Kesho yake nilirudi Mwaloni, palepale, kwa sauti ileile, nikasema Masalu hakuiba, kosa ni langu. Wengine walinicheka. Kisha nikaenda kwake kumwomba radhi. Hakunikaribisha ndani. Alinitazama sana, akachukua mwiko, akauliza, "Sasa tunasogeza?"

Tukasogeza. Ndiyo sebule hii ndogo ulimokaa, na makochi hayajaenea mpaka leo.

Mwanangu, kitu kikiharibika, fukua chini yake kabla hujataja jina la mtu. Nyufa nyingine zipo tangu zamani, hazina wa kulaumiwa. Ukikuta kosa ni lako, liseme palepale ulipomsingizia mwenzio, usimnong'oneze pembeni. Mungu akupe macho ya kuona ufa mapema, na ukichelewa, akupe mtu atakayekubali kuja tena na mwiko wake.