Somo la Mwalimu Mbuyi Kwenye Mikeka ya Gare

Mwanangu, sogea karibu. Mengi ya miaka ile yamenitoka kichwani, lakini iko asubuhi moja ambayo haijawahi kunitoka. Nilikuwa natembea katika barabara za mji wetu wa Likasi nimekumbatia chupa kubwa ya tope kifuani, kama mtu aliyebeba mtoto mchanga. Nilikuwa naelekea gare, mahali treni zinaposimama, na baba yangu alikuwa amenikataza kufika huko.

Nikueleze kwanza ilikuwaje.

Miaka ya tisini ilipoanza nilikuwa binti wa sekondari, darasa la mwisho, upande wa biokemia. Baba alifanya kazi kwenye matanuri ya shaba. Mshahara ulianza kuchelewa, halafu ukawa kitu cha kuulizia tu, kama mvua. Mama aling'oa maua yake mbele ya nyumba akapanda mihogo. Shuleni walimu waliondoka mmoja mmoja. Huyu alikwenda kuchoma makaa, yule akaenda kujaribu uvuvi kwenye ziwa Tshangalele. Mwalimu Mbuyi wa biolojia alibaki. Alikuwa mtu mrefu, mwembamba, na koti lake la rangi ya majivu hakulivua hata jua likiwaka. Ukitaka kumkasirisha, ita kitu "kile kidude" badala ya kukitaja kwa jina lake.

Binti yake aliitwa Ntumba. Tulikaa dawati moja tangu utotoni. Ntumba alikuwa mdogo wa mwili, lakini akicheka, darasa la jirani lilisikia.

Chupa ile ilikuwa kazi ya darasa letu. Mwalimu aliagiza tope la ukingo wa ziwa, akalichanganya na unga wa mawe ya chokaa kutoka Kakontwe, unga kidogo wa plasta, karatasi zilizochanwa, na kiini cha yai. Ntumba alinung'unika sana juu ya lile yai, maana kwao mayai yalikuwa yameadimika. Mwalimu akavitia vyote chupani, akaongeza maji, akaifunga, akaiweka dirishani penye jua. Sisi tukaisahau. Baada ya wiki nyingi, Ntumba ndiye aliyepiga kelele: katikati ya tope jeusi palikuwa pametokea mkanda wa zambarau, na chini yake mkanda wa kijani. Mwalimu alisimama mbele ya dirisha akatabasamu. Akasema, "Bon, vema. Bakteria zimefika. Nitawaelezea."

Hakupata nafasi ya kutuelezea darasani.

Maneno yalianza polepole. Yalisemwa sokoni, yakasemwa kwenye mikutano, mwishowe yakasemwa mbele ya nyumba za watu. Kwamba wenye asili ya Kasai, mkoa wa mbali, kama akina Mwalimu Mbuyi, si watu wa hapa. Kwamba kazi zimekwisha kwa sababu yao. Wakaitwa wadudu, mwanangu, watu tuliokuwa tunaombana nao chumvi. Halafu vijana wakaanza kupita mlango kwa mlango. Waliopigwa walipigwa, na nyumba nyingine zilichomwa. Familia ya Mwalimu Mbuyi ilitoka na mikeka, masufuria na nguo za mwilini, ikaenda kulala gare pamoja na maelfu ya wengine, kungoja treni ya kuwapeleka Kasai. Mwalimu alizaliwa Likasi. Kasai aliijua kwenye ramani.

Baba alituita jioni akasema, "Hakuna mutu wa hii nyumba atafika kule gare. Bakituona, kesho ni zamu yetu." Baba hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na woga, na alikuwa na sababu.

Siku zikapita, treni haikuja. Ndipo mwanamke mmoja aliyekuwa akiuza ndizi huko akaniletea salamu za Ntumba. Anaharisha, alisema, hawezi kusimama, na anauliza kama mkanda wa zambarau umepanda juu. Nilikwenda shuleni. Madirisha yalikuwa yameanza kuibiwa vioo, lakini chupa ilikuwepo. Nikaichukua na kuondoka.

Sitakueleza yote niliyoyaona gare. Watu walikuwa wamelala mpaka karibu na reli, chini ya vipande vya turubai, na harufu ya ugonjwa ilikupokea kabla hujafika. Nilimkuta Mwalimu ameketi kwenye mkeka, koti lake likiwa limemfunika Ntumba. Rafiki yangu alikuwa amebaki macho tu. Alipoiona chupa alitaka kucheka, sauti ikakataa.

Nami nilishindwa kujizuia. Nikasema, "Mwalimu, miye naacha masomo. Batu banakufa hapa. Hizi bakteria zitatusaidia nini?"

Alinitazama kwa ukali ule wa darasani.

"Usirudilie ile neno ya kuacha masomo," akasema. "Banitosha ku nyumba. Banifukuza ku kazi. Sasa weye unataka kutupa hata ile yenye hawakuweza kukamata? Kaa chini. Nilisema nitawaelezea, nitawaelezea."

Nikakaa. Akaiinua chupa juani, watu wa mikeka ya karibu wakageuka kutazama.

Alisema kwamba juu kabisa ya chupa, kwenye maji, kuna mwani wa kijani. Huo hunyakua mwanga mwekundu na wa buluu, na hauachi mwingi. Lakini jua lina mwanga mwingine, ng'ambo ya mwekundu, ambao macho yetu hayauoni kabisa. Mwanga huo hupita katikati ya mwani na kushuka. Bakteria za zambarau hukaa huko chini pasipo na hewa, na ndani yake zina rangi za kuunasa.

"Sasa, unanaswa namna gani?" akauliza. Hakungoja jibu. Alijaza maji yaliyochemshwa kwenye kikombe cha bati, akampa mama mmoja aliyekaa mbali kidogo. "Mama, pitisha kwa mwenye iko karibu." Mama akapitisha. Kikombe kikaenda mkono kwa mkono, kwa mzee, kwa msichana, kwa mwanamke mwenye mimba, mpaka kikamfikia Ntumba. Nilimwinua kichwa akanywa.

"Voilà, ni vile," Mwalimu akasema. "Rangi ni nyingi, zimepangana karibu karibu. Moja ikipigwa na mwanga, inapitisha ile nguvu kwa jirani, jirani kwa jirani, mpaka inafika mahali pa katikati. Pale, nguvu inasukuma elektroni itoke mahali pake. Elektroni inazunguka, inarudi, na katika kuzunguka kwake protoni zinasukumwa ng'ambo moja ya utando wa bakteria. Zikirudi, zinatengeneza ATP. Ndiyo nguvu yenye seli inatumia kuishi."

Ntumba akasogeza midomo. Niliinama kumsikiliza. Alikuwa anauliza kama zinatoa hewa safi, kama majani ya miti.

"Apana," baba yake akamjibu, na sauti yake ikawa laini. "Majani yanapasua maji, yanaachilia oksijeni. Hizi hazipasue maji. Zinatumia ile gesi yenye kunuka sawa yai bovu."

"Ni ile yai yetu," Ntumba akanong'ona.

Watu waliokuwa karibu wakacheka. Mama mmoja akauliza, "Mwalimu, biko na faida gani, bile bintu?" Naye akasema, "Sijue, mama. Biko tu. Ni kweli, basi."

Ntumba alikufa kesho yake, jua likiwa juu.

Nilirudi nyumbani nikilia njia nzima, nikamwambia baba kila kitu, pamoja na kwamba nilimkaidi. Nilijua atanipiga. Badala yake aliingia chumbani kwao, akang'oa milango ya kabati la nguo, kabati pekee tulilokuwa nalo. Akaipiga misumari uani, majirani wote wakitazama, ikawa sanduku la kumzikia Ntumba. Tulilibeba pamoja mpaka gare. Baba na Mwalimu walichimba kaburi pamoja. Tangu siku hiyo nyumba kadhaa za mtaa wetu zilikataa kutusalimia, na baba hakulitaja jambo hilo mpaka alipofariki.

Treni ilipokuja watu walisukumana vibaya. Chupa ilivunjika chini ya miguu. Mwalimu Mbuyi alipanda akiwa na mke wake na koti lake, na kaburi la mtoto wao likabaki kwetu. Miaka mingi niliwauliza wasafiri. Mmoja alisema alimwona akifundisha watoto huko Kasai. Mwingine alisema yule mwalimu mrefu hakumaliza safari. Sijui nimwamini nani. Nilifanya mtihani, nikafaulu, nikawa mwalimu wa biolojia, na kila darasa nililofundisha nililieleza mwanga ule kama alivyonieleza. Wengine huniambia bakteria zile zilikuwa mfano wetu sisi. Sipendi. Zilikuwa bakteria, na yeye angekasirika kusikia vingine.

Nimekueleza haya kwa sababu juzi nilikusikia ukimtania mwenzako kwa kabila lake, na wenzako wakacheka. Usifanye hivyo tena, mwanangu. Ilianza hivyo hivyo, kwa kicheko. Mtu akikuambia nani ni wa hapa na nani si wa hapa, jiulize ni nani aliyekufundisha kusoma, nani alikupokea ulipozaliwa, kisha ondoka kwenye mazungumzo hayo. Ukisikia rafiki yako yuko mahali pabaya, nenda wakati bado anaweza kukusikia. Na ukiogopa, kama baba alivyoogopa, woga wako usikuzuie kufanya angalau jambo moja. Tena soma. Soma hata nyumbani mkilala njaa, na ulichokijua mpe mwingine.

Mungu akuweke mahali ambapo hakuna jirani anayefungasha mizigo kwa kulazimishwa. Akikuweka pengine, akupe miguu ya kwenda kwa jirani huyo. Enenda salama, mwanangu.