Simu ya Juu ya Jiwe

Simu niliinunua Dodoma mjini, nilikokwenda kuuza alizeti, nikarudi nayo Kolo nimeishika kama mtu aliyebeba yai. Kijijini hapakuwa na mtandao. Mke wangu aliniuliza nitaongea na nani, nami nikawa naivaa kiunoni siku za Ijumaa nikienda msikitini.

Siku moja nilipanda mlima ulio nyuma ya nyumba kumtafuta mbuzi. Juu kuna jiwe kubwa bapa, na nilipolikanyaga tu, simu ikalia kiunoni. Nusura nianguke. Zilikuwa meseji za kampuni ya simu za kunikaribisha, zimesubiri tangu nilipotoka Dodoma, sasa zinaingia moja baada ya nyingine. Nilizisoma zote kwa sauti, peke yangu kule juu, kisha nikateremka mbio kuwaambia watu. Mbuzi nilimsahau.

Tangu siku hiyo alasiri hakuna aliyekaa nyumbani. Vijana walipanda, wazee walipanda na fimbo zao, wanawake walipanda na watoto mgongoni. Namba yangu ikawa namba ya kijiji. Mtu wa Arusha au Dar es Salaam akimtaka nduguye alipiga kwangu au alituma meseji, nami nilisimama juu ya jiwe, nikaita jina, nikasoma. Hata barua zilisomwa hivyo kwetu tangu zamani: anayejua kusoma anasoma, waliopo wanasikia. Mimi nilimaliza kidato cha nne, na sauti ninayo. Tulipata matokeo ya mpira kabla redio haijayasema. Tulipata habari ya mtoto aliyezaliwa hospitali ya Kondoa asubuhi hiyo hiyo, na vigelegele vikapigwa mpaka ng'ombe wa bondeni wakatimka. Tulijiona tuko katikati ya dunia. Nikikumbuka alasiri zile, hata sasa moyo unanienda mbio.

Kila Ijumaa baada ya swala alipanda binti mmoja wa kidato cha pili aliyekuwa akiishi kwa bibi yake. Mama yake alikuwa Dodoma, anapika kwenye kantini ya ofisi fulani, na alikuwa anamtafutia nafasi ya kuhamia shule ya mjini. Binti alitaka kusoma sayansi, na shule yetu ya kutwa haikuwa na mwalimu wa fizikia. Hilo ndilo walilozungumza kila Ijumaa. Akimaliza alinirudishia simu kwa mikono miwili, akasema, "Ahsante, mjomba. Bado."

Mama huyo alimtumia bintiye viatu kwa basi, mitumba ya ngozi nyeusi, vizuri sana, ila vya kiume na virefu. Binti alijaza karatasi kwenye ncha akavivaa hivyo hivyo. Hapo ikaingia meseji kutoka kwa kijana wetu mmoja aliyekuwa akisoma Kondoa na kushinda dukani kwa kaka yake mwenye simu. Iliandikwa hivi: "Mjomba, msomee dada yetu. Viatu vyake vimeshafika darasani, mwenyewe bado yuko njiani."

Niliisoma. Jiwe zima lilicheka. Binti naye alitabasamu, akitazama chini.

Kesho yake ikaja nyingine, na nyingine. Watu wakawa wanapanda kwa ajili hiyo. Kabla sijakaa nilishaulizwa, "Mjomba, ya viatu imeingia?" Nami nilikohoa kama mtangazaji wa redio, nikanyamaza kidogo ili wangoje, kisha nikaisoma. Simu ile haikuweza kuhifadhi meseji nyingi. Nilifuta za watu wengine, hata za misiba, nikabakiza za viatu ili waliochelewa nao wasikie. Shuleni, niliambiwa, walizikariri na kumwimbia akipita. Nilifurahi kusikia hivyo, kana kwamba nimezitunga mimi.

Kisha ikaingia hii: "Mama yake atuambie, mwanamume aliyeacha viatu kwake Dodoma alirudi peku kwa mkewe?"

Ningeweza kudai kwamba niliisoma kabla sijaielewa. Si kweli. Niliisoma kimoyomoyo kwanza, nikaielewa vizuri. Lakini watu walikuwa wananitazama mdomo, na binti alikuwa amesimama palepale akingoja simu ya mama yake. Nikaisoma kwa sauti. Walicheka kuliko siku zote. Binti aliteremka mlima bila kungoja.

Ijumaa iliyofuata hakupanda. Simu ililia, nikapokea mimi.

"Kaka, imepatikana," mama yake alisema, anahema kwa furaha. "Mwambie apande basi Jumapili. Jumatatu lazima aonekane shuleni, wasipomwona wanampa mwingine."

Nilishuka mlima nikikimbia, mtu mzima mimi, kanzu nimeikunja mkononi. Nilimkuta uani anapeta uwele. Bibi yake alikuwa shambani. Nilimwambia yote kwa pupa: nafasi, basi, Jumatatu. Hakuacha kupeta.

"Shikamoo, mjomba," alisema. "Leo wamekutuma useme nini tena?"

Nikamwambia ni mama yake, wallahi.

"Yule wa viatu?"

Nikacheka. Sijui kwa nini nilicheka, labda ni mazoea. Alinitazama mara moja, akaingia ndani na ungo wake. Ningeweza kumngoja bibi, au kumpandisha binti mlimani nimpigie mama yake mbele ya macho yake. Lakini siku ile kulikuwa na mechi kubwa, na watu walikuwa juu wananingoja. Nikarudi kwenye jiwe.

Jumatatu ilipita. Mama alipiga tena na tena, nami nilimjibu kwamba ujumbe niliufikisha. Katikati ya wiki alishuka kwenye basi mwenyewe, akaenda kwa bibi, na alasiri tukamwona anapanda mlima, amemshika bintiye mkono. Watu wakampisha.

"Kaka, nafasi wamempa mwingine," alisema. "Binti yangu anasema hakuamini, kwa sababu kila kitokacho huku juu ni mzaha. Nisomee huo mzaha. Kwa sauti, kama unavyowasomea hawa."

Nilimsomea. Zote nilizozitunza, mpaka ile ya mwisho. Hakuna aliyecheka, na sauti yangu niliisikia mwenyewe kwa mara ya kwanza.

"Sasa mpigie aliyeandika."

Nikapiga. Simu za wakati ule zilikuwa na sauti kubwa, na jiwe zima lilisikia. Kijana alipokea upesi, amechangamka.

"Mjomba! Vipi, wamecheka?"

Mama alinitazama. "Mjibu mwenzako," alisema.

"Walicheka," nikasema. "Na mimi nilicheka."

Waliondoka na basi la asubuhi. Binti alikaa Dodoma mwaka mzima bila shule, na aliporudi darasani alianza upya kidato cha pili, mahali pengine ambako pia hapakuwa na fizikia. Sasa ni mama wa watoto. Nasikia simu ikilia nyumbani kwake huwa haipokei yeye. Anampa mtu mwingine aisikilize kwanza.