Jina la Pili Kwenye Fomu ya Hataza

Wewe unayeanza kazi leo, sogea nikusimulie. Siku yangu ya kwanza kwenye kituo cha ufundi Korogwe nilitegemea kukabidhiwa mashine. Mkuu wa Kituo akanipa daftari.

"Andika nani anajua nini na anaishi wapi," akasema. "Uvumbuzi mwingi umekwama kwa sababu watu wawili hawajaonana."

Nilidhani ananitania. Baadaye nikahamishiwa Handeni, nikamkuta Mzee Sefu, mhunzi wa Kang'ata. Alikuwa ameunda mashine ndogo ya kusindika mkonge, yaani kukwangua jani mpaka zibaki nyuzi. Visu vilikuwa vizuri, ila nyuzi zilikatika. Nikafungua daftari: Makuyuni ya Korogwe, Mama Anjela, fundi mitambo, mjukuu wa manamba, wale vibarua wa zamani wa mashamba ya mkonge. Nikawakutanisha Segera, penye njia panda. Sefu alileta mashine kwa lori la mahindi.

"Shikamoo, mzee," Anjela akamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Nasikia unatengeneza mashine mbovu."

"Hasa zilizopitia kwa wahunzi."

Sefu akacheka mpaka akakaa. Anjela akazungusha ngoma, lile pipa linalobeba visu. "Inakwenda mbio, na visu vimekaribia mno bamba la kuegemezea jani." Wakahangaika kupunguza mwendo wa ngoma na kusogeza visu hadi adhuhuri, nyuzi zikatoka ndefu.

Kisha nikakosea. Kwenye fomu ya hataza, haki ya kisheria inayozuia wengine kuiga uvumbuzi bila ruhusa, niliandika Sefu peke yake, kwa kuwa mashine ilikaa uani kwake.

"Kwa hiyo Segera nilifuata mahindi ya kuchoma?" Anjela akauliza. Nikacheka, yeye hakucheka. "Kesho nikiunda ngoma hiyohiyo, nitaitwa mwizi wa kazi yangu mwenyewe."

Sefu akaweka kalamu chini. "Andika majina mawili, la sivyo sitii saini."

Nikaandika upya. Tangu hapo mafundi wa Handeni walimpigia Anjela wenyewe, na wa Korogwe wakamfuata Sefu kwa visu. Daftari langu halikuhitajika tena kwao.

Nimestaafu, lakini kila nikipita Segera natazama abiria wakibadilisha magari, najiuliza nani kati yao angepaswa kujuana na nani.

Nawe, kabla hujajaza fomu, mwendee kila aliyegusa kazi hiyo, muulize alibadilisha nini, kisha andika jina lake akiwa anakuona.