Kivimbe kwenye kovu ya kupasuliwa

Bajukuu bangu, musome hii bila aibu. Wakati wa vita nilizaa kwa kupasuliwa, kisha kivimbe kikaota kwenye kovu.

Mama mukwe akasema, "Jirani amekupa sumu. Leta wembe nikuchanje."

Nikamujibu, "Mama, sumu gani inakuja na damu yangu ya mwezi na kuondoka nayo?"

Kila mwezi kilipouma nilifunga fundo kwenye kamba. Basoda ba vita bakaondoka barabarani, njia ikafunguka, nikashuka hospitali ya Butembo na ile kamba. Docta akahesabu mafundo, akaona maumivu yanafuata damu ya mwezi, akasema nyama ya ndani ya kizazi imeota kwenye kovu. Akaikata, akanikataza mizigo.

Nyumbani Kipese nikamwambia bwana yangu mbele ya mama yake: "Kikapo cha viazi utabeba wewe, mpaka kidonda kikauke."