Historia ya Mama Dinah, Angali Hai

Mtu akifariki pale Iguhu, kabla hata jeneza halijaagizwa, watu walishaulizana kama Mwalimu Jael yupo. Jael alifundisha shule ya msingi bila cheti, na kwa miaka kumi na minne yeye ndiye aliyeandika historia za marehemu, zile zinazosomwa matangani kabla ya mahubiri. Mwandiko wake ulipendeza, na kila aliyepitia kalamuni mwake alikuwa mcheshi, mkarimu na mcha Mungu. Hata mzee Mukhwana, aliyewarushia mawe mbuzi wa majirani maisha yake yote, alizikwa akiwa mpole. Watu waliitikia amina, wakaenda zao kula.

Mwaka wa 1994, akiwa na umri wa miaka thelathini na minane na watoto watatu, Sammy akiwa wa kwanza, Jael alipata nafasi katika chuo cha ualimu. Mumewe, Mathew, alifanya kazi Mumias na alikuja nyumbani mwisho wa mwezi tu, kwa hiyo kila kitu kilimtegemea mama mkwe, Mama Dinah. Mama Dinah aliposikia habari hiyo alisema, "Watoto nitakaa nao." Alisema hivyo akiwa amempa mgongo, akichochea moto.

Chuoni wenzake, watoto wa juzi, walimwita Mama. Hilo halikumuudhi hata kidogo. Kilichomuudhi ni insha yake ya kwanza. Mkufunzi wa Kiswahili, Bwana Wanjala, mdogo kwake kwa miaka sita mizima, aliwataka waandike juu ya mtu wanayemjua. Jael alimwandika mama mkwe wake kurasa tatu, huku akijua wazi kwamba atasifiwa. Insha ilirudi na alama nane kati ya ishirini na swali moja kwa wino mwekundu: Huyu ni nani?

Akamfuata ofisini. "Mwalimu, jina lake nimeliandika hapo juu."

"Nimeliona, mama. Sasa lifute, weka la mama yangu mimi. Kuna kitu kitaharibika?"

Jael alichukua insha yake, akatoka. Alikwenda nyuma ya bwalo akalia kwa hasira, mtu mzima na heshima zake. Alimlaani yule kijana, akalaani na wino wake mwekundu. Halafu, machozi yalipokauka, alijaribu kukumbuka jambo moja tu la kweli juu ya mzee Mukhwana aliloliandika siku ile ya maziko, na hakulipata.

Likizo ya Aprili ilipofika, Bwana Wanjala alimwambia, "Nenda ukamtazame. Uniletee mtu mmoja."

Basi akamtazama. Alimtazama akipepeta maharagwe, akigombana na kuku, akifunga ghala. Usiku mmoja ulikucha bila neno hata moja kuandikwa, maana macho yake yalikuwa yamezoea wafu, na wafu hawahangaiki huku na huku. Miaka iliyofuata, magazeti yalipoanza kuchapisha hadithi zake, Jael alipenda kusema kwamba uandishi wake ulianza chuoni. Mimi ninayesimulia nasema ulianza kwenye uga ule, juu ya kigoda, akimtazama mwanamke ambaye yeye Jael alidhani anamjua.

Ijumaa, siku tatu kabla ya chuo kufunguliwa, alimaliza. Kwa mazoea ya miaka mingi akaweka kichwa cha habari kwa herufi kubwa: HISTORIA YA MAMA DINAH. Akaacha daftari mezani, akaenda kusaga mahindi.

Nehemiah, mzee wa kanisa, alikuja kusalimia. Akaliona daftari na macho yakamtoka. Badala ya kufyata ulimi, alikwenda jikoni na kumsomea Mama Dinah mwenyewe kile kichwa.

Jael aliporudi na unga wake, Mama Dinah alikuwa mlangoni na mzigo wa nguo.

"Mama Sammy, mimi nimekufa lini?"

"Mama, hiyo ni kazi ya chuo."

"Wewe unaandikanga wafu peke yake. Leo umeandika mimi. Unaharakisha nini, shamba? Mimi naenda kwa ndugu yangu huko Kabras. Watoto wako utaona mahali utaweka."

Jael alijua mama huyu akiondoka, Jumatatu hakuna chuo, na hakuna chuo tena. Akautua unga chini. "Niache nikusomee kwanza. Ukimaliza kusikia na bado unataka kwenda, mzigo nitakubebea mwenyewe."

Mama Dinah alishikilia mzigo wake, lakini hakuondoka. Sauti ya Jael, ambayo haikuwahi kutetemeka mbele ya kaburi lolote, ilitetemeka.

"Mama Dinah hufunga ufunguo wa ghala kwenye ncha ya leso na kuulalia. Hula akiwa amesimama, wengine wakishamaliza, na husema hana njaa. Mvua ikinyesha hutoka mwenyewe kukinga maji ili watoto wasilowe, halafu huwagombeza kwamba hawamsaidii. Nimeolewa hapa miaka kumi na sita, na hajawahi kuniambia ahsante. Siku niliyokwenda chuoni hakutoka kuniaga. Nilipofungua sanduku langu kule bwenini nilikuta mayai matano ya kuchemsha, yamefungwa kwa jani la mgomba. Nilipomuuliza, alisema hajui habari ya mayai."

Nehemiah alikohoa. "Mwalimu, hapo pa ahsante, si ungetoa?"

"Nyamaza, Nehemiah," Mama Dinah alisema. "Ni ukweli."

Alitazama uga. Kisha akasema, "Ilikuwa sita. Moja ilipasuka, nikakula."

Jael akacheka. Mama Dinah hakucheka. Alikaa juu ya mzigo wake.

"Andika ingine."

"Niandike nini, Mama?"

"Andika hiyo siku ulienda chuo nilikuwa nyuma ya jikoni. Nilikuwa nalia. Nilisema, huyu akishasoma hawezi rudi kukaa na mtu kama mimi."

Jael alishika kalamu, lakini ukurasa haukuonekana kwa machozi.

"Andika basi," Mama Dinah alisema. "Jumatatu uko na safari."